Nyanya ya Kitambaa Chekundu

Kila alfajiri, kabla jua halijagusa mabati ya Mtaa wa Mchikichi, Kuruthumu aliamshwa na kikohozi cha bibi yake. Bibi Mgeni hakuwa na saa wala hakuihitaji. Alikohoa mara moja kujiamsha mwenyewe kwa sala, akakohoa mara ya pili kumwamsha mjukuu, na ole wake mjukuu aliyengoja kikohozi cha tatu. Kuruthumu aliinuka, akaamkia, akafagia ukumbi mrefu uliogawa vyumba vya nyumba ile huku na huku, akatokea uani, akachukua ndoo na kwenda bombani.

Bomba lilikuwa kwenye kona ya mtaa, na mwaka ule maji yalikuwa na maringo kama bibi harusi. Yalitoka kidogo alfajiri, yakakatika, yakarudi yakitaka kubembelezwa. Ndoo zilipanga foleni kutoka bombani hadi barazani kwa Mzee Mwinyimvua, fundi cherehani, ambaye pia alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ndoo ya kwanza ya Kuruthumu ilikuwa ya kunywa na kupikia. Ya pili ilikuwa ya kuogea. Ya tatu ndiyo iliyomvunja moyo, kwa maana haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya nyanya.

Ulikuwa mwaka wa kilimo cha kufa na kupona. Redio ilisema hivyo, mabango yalisema hivyo, na Mwalimu Candida wa darasa la sita alisema hivyo kwa sauti kuliko redio na mabango. Mwenye shamba alime, aliwaambia wanafunzi wake. Asiye na shamba apande uani, asiye na ua apande kwenye debe, na asiye na debe aje amwambie, atamtafutia. Mwisho wa muhula angepita nyumba kwa nyumba kutazama kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu maneno ya mdomoni, alisema, hayajawahi kuiva yakaliwa.

Kuruthumu alikuwa na madebe lakini hakuwa na mbegu. Aliyempa mbegu ni Mama Severa, mpangaji wa chumba cha mwisho, karibu na mlango wa uani. Mama huyo na mumewe walitoka Kibosho, Kilimanjaro. Mumewe, Baba Severa, alikuwa na meza ya vitunguu sokoni Kariakoo, na binti yao Severa alikaa dawati moja na Kuruthumu. Siku ile Mama Severa alifungua fundo la kanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa, akawamiminia wasichana wawili viganjani mbegu ndogo bapa, zenye manyoya mepesi. Alieleza kwamba mama yake alizipokea kwa mama yake, naye kwa mama yake. Nyanya zake ni kubwa, bapa, zenye mikunjo kama marinda ya gauni, na kipande kimoja kikikatwa vizuri hufunika kipande cha mkate. Sokoni hutazikuta, kwa sababu ngozi yake ni laini na haivumilii safari ya lori. Ukizitaka, uzipande mwenyewe.

"Zimekwisha," alisema, akiwaonyesha karatasi tupu. "Nyingine tutazipata humo humo mnamopanda. Kwa hiyo msinichezee."

Walizisia kwenye vifuu vya nazi vilivyotobolewa chini, kwa maana nyumba ya Bibi Mgeni haikukosa vifuu. Miche ilipofika kimo cha kidole waliihamishia kwenye madebe: madebe ya Kuruthumu ukutani kwa jiko, madebe ya Severa ukutani kwa bafu. Mbio zikaanza. Severa alimtania mwenzake kwamba watu wa pwani humwagilia mimea kwa hadithi. Kuruthumu alimjibu kwamba watu wa mlimani huinyima mimea maji hadi iwalipe kwanza. Walikwenda shule wakicheka hivyo, wakigawana muhogo wa kukaanga, na muhogo mmoja uliwatosha.

Lakini ndoo ya tatu ilikuwa nzito. Ilikuwa nzito zaidi asubuhi ambazo foleni ilikuwa ndefu na usingizi ulikuwa mtamu.

Bibi Mgeni aliuza samaki wa kukaanga barazani jioni. Wengine walikuwa ng'onda, wale samaki waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani, na kabla ya kuwakaanga aliwaloweka kwenye beseni usiku kucha ili chumvi ipungue. Kazi ya Kuruthumu asubuhi ilikuwa kuyamwaga maji yale kwenye mtaro. Siku moja, akiwa amekwisha beba ndoo mbili na mikono ikimuuma, alilitazama lile beseni, akayatazama madebe, akajiambia kwamba maji ni maji. Tena haya yana harufu ya samaki, na Mwalimu Candida alisema samaki ni mbolea. Akayamwaga kwenye nyanya zake, akarudi kulala kidogo.

Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Kisha ikawa desturi.

"Umemwagilia, mke mwenzangu?" Bibi Mgeni aliuliza kila asubuhi, kwa utani ule wa bibi na mjukuu.

"Nimemwagilia, bibi."

Wala hakusema uongo, alijiambia. Alikuwa amemwagilia kweli.

Haukupita muda mrefu, majani ya nyanya za Kuruthumu yakaanza kukauka kingoni, kana kwamba mtu ameyapitisha motoni. Maua yakachanua, yakadondoka. Ng'ambo ya ua, nyanya za Severa zilipanda fimbo zake zikazipita, zikafunga matunda mabichi makubwa kama ngumi. Kuruthumu aliwatazama watoto wake wakifa na watoto wa jirani wakinenepa, na moyoni mwake kikaingia kitu ambacho hakikuwamo.

Shaka haina macho, lakini ikikaa machoni pa mtu humfanya aone hata kisichokuwapo. Asubuhi moja, alipotoka kwenda bombani, Kuruthumu alimkuta Mama Severa ameinama kwenye madebe, si ya Severa bali yake yeye. Alikuwa ameingiza kidole kwenye udongo. Midomo yake ilikuwa ikicheza, lakini sauti haikusikika. Kisha alikwanyua kichipukizi kimoja kwenye kwapa la tawi, akakitia kwenye fundo la kanga.

"Shikamoo, Mama Severa," Kuruthumu alisema nyuma yake.

Mama Severa alishtuka. Aliitika marahaba, akajifuta kidole, kisha akamtazama msichana moja kwa moja. "Unamwagilia maji gani, mwanangu?"

"Ya bomba, mama."

"Ya bomba," Mama Severa alirudia polepole, kama mtu anayepewa chenji asiyoielewa. Akaondoka kwenda misa ya asubuhi, akigeuka mara moja kuyatazama madebe.

Uongo huo ulimtoka Kuruthumu bila hata kumkwaruza koo. Kilichomkaa kichwani ni kule kushtuka kwa Mama Severa. Mtu mwenye moyo safi hashtuki akiamkiwa, aliwaza. Na yule alishtuka.

Toka siku hiyo akawa mpelelezi. Akaona majivu yaliyozungushwa kwenye mashina ya nyanya za Severa, duara baada ya duara. Akaona maganda ya mayai yaliyosagwa. Halafu akaona jambo lililomtia baridi mgongoni: kwenye nyanya kubwa kuliko zote, iliyokuwa imeanza kugeuka rangi, kikonyo kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu, kifundo kidogo, kimekazwa vizuri. Alirudi kwenye madebe yake mwenyewe, na pale juu ya udongo, kuzunguka kila shina, palikuwa na unga mweupe.

Hakuugusa. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi yake.

Bibi Mgeni hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikuwa na mgeni mwenye maneno ya watu wawili. Sitara, muuza vitumbua wa nyumba ya pili, alikuwa amekaa kwenye mkeka akinywa chai. Alimsikiliza msichana hadi mwisho, akaweka kikombe chini. Kitambaa chekundu hakifungwi bure, alisema. Majivu hayazungushwi bure. Na unga mweupe, shoga yangu, tangu lini udongo ukaota unga? Yeye hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba watu wa bara wana mambo yao, na kwamba nyanya za mjukuu hazikuwa za kwanza kufa. Kwanza hufa nyanya, halafu huja zamu ya watu.

"Sitara, chunga ulimi wako," Bibi Mgeni alisema. Lakini alikwenda uani, akaukuta ule unga, akarudi nyuma hatua, akajifunga kanga yake vizuri kifuani. Akamkataza Kuruthumu asiukaribie udongo ule kwa mkono. Kuruthumu akatii: aliendelea kuyamwaga maji ya beseni kutoka mbali, ameunyoosha mkono, kwa matumaini kwamba mbolea ya samaki ingeishinda dawa ya Mama Severa.

Basi nyumba ikabadilika bila mtu kutangaza. Mama Severa alipoleta ndizi za kupika zilizotoka Kibosho, Bibi Mgeni alizipokea, akashukuru, akazilaza chini ya mbuzi ya kukunia nazi hadi zikaoza. Jiko la uani, ambamo wanawake wale wawili walipiga soga miaka miwili, likawa kimya. Kuruthumu akaanza kutoka kwenda shule mapema. Severa alipomuuliza amemkosea nini, alimjibu kwamba hajamkosea kitu, na muhogo wake akaula peke yake njiani, ukamkwama.

Mama Severa naye hakuwa kipofu. Aliona ndizi zilivyooza. Naye akaanza kushuku, akamwambia mumewe kwa Kichagga, mlango ukiwa umefungwa, jambo ambalo Sitara alilisikia kupitia ukutani bila kulielewa, akalitafsiri apendavyo.

Siku ya Jumatano Bibi Mgeni alimwita Baba Severa barazani, akamwambia kwa heshima, akitazama barabarani, kwamba ana ndugu anayekuja kutoka Bagamoyo na anakihitaji kile chumba. Watafute pengine kabla mwezi haujaandama. Baba Severa alisema tu kwamba amesikia, lakini kabla hawajafunga mizigo angependa balozi awakalishe, ili aondoke akijua anaondoka kwa ajili gani. Bibi Mgeni hakuweza kukataa. Kikao kikawekwa Ijumaa alasiri.

Kuruthumu alimwona Severa ameketi juu ya kizingiti cha chumba chao, anatazama madebe yake. Nyanya hazihami kirahisi. Alitaka kwenda kumkalia karibu. Badala yake aliwaza kwamba kikao kitataka ushahidi, na ushahidi ulikuwa ukining'inia pale pale. Ijumaa asubuhi, Mama Severa alipokuwa misani, alichukua kisu cha jikoni, akakikata kile kitambaa chekundu, akakipeleka kwa Sitara amhifadhie.

Mchana wa siku hiyo hiyo Baba Severa alirudi kutoka sokoni kabla ya wakati, moyo wake mzito kama gunia la vitunguu. Alitaka kufanya jambo jema kabla ya kikao. Akaenda kwenye madebe ya binti yake, akaitazama ile nyanya kubwa kuliko zote, nyekundu sasa karibu yote. Haikuwa na kitambaa. Akaichuma, akaiosha, akaiweka kwenye sahani, akampelekea Bibi Mgeni kwa mikono miwili.

"Kidogo tulichonacho, mama," alisema.

Bibi Mgeni aliipokea kwa ncha za vidole, akatabasamu tabasamu ambalo halikufika machoni. Baba Severa alipotoka tu, alimsukumia Kuruthumu sahani. Akaitupe jaani, nyuma ya jiko, na akitoka huko anawe mikono mpaka kwenye viwiko. Kuruthumu aliitambua nyanya ile. Ilikuwa nzito mkononi, yenye joto la jua, na ilinukia vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kukiona kikiitwa uchawi. Akaitupa. Kuku wa bibi wakaja mbio kuona kilichoanguka.

Alasiri walikaa uani, kwenye mikeka na vigoda: Bibi Mgeni upande mmoja, Mama Severa na mumewe upande wa pili, wasichana wawili wamesimama mbali mbali, na Mzee Mwinyimvua katikati, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Sitara hakualikwa, lakini alikuwapo, na balozi alipouliza nani ana neno, alikuwa nalo. Alieleza majivu, alieleza maganda ya mayai, kisha akatoa kitambaa chekundu kwenye kanga na kukitupa mkekani.

Mama Severa alikiinamia. Uso wake ulibadilika, lakini si kwa hofu. "Kumbe mmekikata nyinyi," alisema. "Kwetu nyanya ya kwanza kuwa kubwa hufungwa kitambaa. Kila mwenye kisu jikoni ajue hii haichumwi, hii ni ya mbegu. Tangu kwa bibi yangu. Na majivu na maganda ni mbolea."

"Na wekundu je?" Sitara aliuliza. "Kwa nini kiwe chekundu?"

Mzee Mwinyimvua alikichukua kitambaa, akakigeuza, akakileta karibu na miwani. Alikohoa. Alisema kwamba wekundu huo ni wa kwake yeye. Mama huyu alikuja barazani kwake kuomba kipande cha nguo, chochote, na wiki ile yeye fundi alikuwa akishona nguo za gwaride za shule, nyekundu zote. Kama wiki ile angekuwa anashona suruali za polisi, uchawi huu ungekuwa wa kaki.

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Baba Severa hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa. Alimwambia mkewe kwamba ameichuma yeye mchana, hakuona kitambaa, na amempa Bibi Mgeni. Mama Severa akageuka kwa Bibi Mgeni na kumuuliza, kwa upole wa mtu anayeogopa jibu, kama amekwisha kuikata, na kama ameikata, mbegu zake amezimwaga wapi, kwa sababu nyanya nyingine bado changa, na kabla ya kuhama zile ndizo mbegu pekee. Bibi Mgeni alimtazama mjukuu wake.

Lakini Sitara hakuwa amemaliza. "Hayo ya kitambaa yamepita," alisema. "Tuambie unga. Ule mweupe, kwenye nyanya za mtoto wa watu. Nao umeutoa kwa fundi?"

Wote wakayatazama madebe ya ukutani kwa jiko. Miche ilisimama mikavu, kahawia, kama wazee waliochelewa mazishi. Unga ulikuwa pale, mweupe kwenye jua la alasiri, na hapakuwa na aliyesogea.

Mama Severa alisimama. Alivuka ua taratibu, akachuchumaa kwenye debe la kwanza, akachota ule unga kwa kidole.

"Kama ni sumu yangu," alisema, "na ianze na mimi."

Akaulamba.

Severa alimwita mama yake kwa sauti ya kuvunjika. Mama Severa alibaki amechuchumaa, amekunja uso, akisikiliza ulimi wake. Kisha akachota tena, akaulamba tena, akageuka kuwatazama.

"Chumvi," alisema.

"Haya," Sitara alisema, akipiga kiganja juu ya kiganja. "Amekiri kwa ulimi wake. Amemtilia mtoto chumvi."

Hapo ndipo Kuruthumu alipoelewa. Chumvi. Aliliona beseni, limeegemezwa ukutani pale pale, harufu yake bado ndani. Aliona kila asubuhi aliyoiiba ikirudi na kujikausha kwenye udongo, nyeupe. Hapakuwa na aliyejua. Angenyamaza tu, Mama Severa angebeba chumvi ile hadi kwenye chumba kingine, kwenye mtaa mwingine, na Severa angehamia dawati jingine. Alimtazama rafiki yake. Severa hakuwa akimtazama yeye; alikuwa akimtazama mama yake, machozi yakimdondoka bila kuyafuta.

"Ni mimi," Kuruthumu alisema.

Hakuna aliyesikia vizuri. Balozi alimwambia apaze sauti.

"Ni mimi niliyetia. Ni maji ya ng'onda." Alilinyooshea kidole lile beseni. "Nilichoka kupanga foleni. Mama Severa aliniuliza namwagilia maji gani, nikamwambia ya bomba. Nilimdanganya. Hajanitilia kitu. Na ile nyanya, bibi aliniambia niitupe, nimeitupa jaani. Na kitambaa nilikikata mimi."

Sitara aliinama kutafuta kiatu chake. Mzee Mwinyimvua aliitoa tepu shingoni, akaikunja polepole, kama mtu aliyemaliza kupima.

Wa kwanza kuondoka pale alikuwa Kuruthumu mwenyewe. Alikimbia nyuma ya jiko, na Severa, bila kuitwa, akamfuata. Kuku walikuwa wameifanyia kazi nyanya ile: upande mmoja ulikuwa umebaki ganda tupu. Wasichana waliwafukuza, wakapiga magoti kwenye maganda na majivu, wakaiokota nusu iliyobaki kwa mikono minne, kama watu wanaookota yai lililopasuka. Ndani ya nusu ile, kwenye vyumba vyake vidogo, ute ulikuwapo, na ndani ya ute mbegu zilikuwa zimejipanga.

Mama Severa aliichungulia, akaziona mbegu. Aliomba kikombe. Bibi Mgeni ndiye aliyekwenda kukichukua, tena akaleta kile cha maua, alichokuwa akimtolea mgeni wa heshima. Mama Severa aliukamulia ute ndani, akaongeza maji, akaeleza kwamba utaachwa hadi uchachuke na kutoa povu, kisha mbegu zioshwe na kuanikwa kivulini. Nusu nyanya inatosha, alisema. Inatosha mtaa mzima.

"Na alfajiri ulikuwa ukisema nini, kwenye madebe yangu?" Kuruthumu aliuliza kwa sauti ndogo, kwa sababu swali hilo lilikuwa bado linamkaa kooni.

"Rozari, mwanangu. Naianza uani, naimalizia njiani kwenda kanisani. Na nyanya zako niliziombea. Nilidhani zina ugonjwa, ndiyo maana nikachukua kichipukizi nikakichunguze."

Siku hiyo kile kijembe cha kusema watu wa bara wana mambo yao kilikufa katika nyumba ile, na hakuna aliyekiandalia hitma.

Bibi Mgeni hakumchapa mjukuu wake, na hilo lilimuuma Kuruthumu kuliko fimbo. Alikwenda mwenyewe kwa Baba Severa, akamwambia kwamba yule ndugu wa Bagamoyo haji, na kwamba hakuwahi kuwa anakuja. Jioni alimkalisha Kuruthumu kwenye mkeka, beseni likiwa katikati yao.

"Mke mwenzangu," alisema, na safari hii hakukuwa na utani, "uvivu wako uliua nyanya. Nyanya tutapanda nyingine. Lakini uongo wako ulihitaji mtu wa kuubeba, ukamtafuta jirani. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikamtwisha. Ulikuwa na neno moja tu la kusema, bibi nimechoka, tungepanga zamu ya ndoo. Dhana mbaya ni kama maji ya beseni hili. Unafikiri unamwagia mwenzako, kumbe chumvi inakauka kwako. Ukiona kitu hukielewi kwa jirani, vuka ua ukamuulize. Ua wenyewe huu, hatua ngapi?"

Alfajiri iliyofuata Kuruthumu alilibeba beseni, akayamwaga maji kwenye mtaro.

Kisha alipeleka ndoo ya tatu, na ya nne, na Severa akamsaidia kubeba ya tano. Waliondoa udongo wa juu, wakaisukuma chumvi kwa maji safi hadi ikatoka chini kwenye matundu ya madebe. Miche mingine ilikuwa imekwenda na haikurudi. Miwili iliamka. Mwalimu Candida alipopita, Kuruthumu alimweleza yote bila kuacha kitu, akapewa alama ndogo kuliko mwenzake, akazipokea.

Msimu uliofuata madebe yalipangwa upya ukutani kwa jiko, yamechanganyika, ya Kuruthumu na ya Severa, hata mwenyewe asingeweza kuyatenganisha. Nyanya ya kwanza ilipokuwa kubwa, Mama Severa alitafuta kitambaa, akakuta tayari imefungwa. Kilikuwa kipande cha kisutu cha zamani, chekundu na cheusi na cheupe, kile alichoolewa nacho Bibi Mgeni. Nyanya iliyofuata ilikatwa kwa ajili ya kachumbari, na kipande chake kimoja kikafunika kipande kizima cha mkate. Bibi Mgeni alikishika kwa mikono miwili, akala, juisi ikamtiririka hadi kiwikoni, na Sitara, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani yake ya vitumbua, hakujua aingie au arudi.

"Ingia, shoga," Bibi Mgeni alisema mdomo ukiwa umejaa. "Ukitaka kujua kimewekwa nini humu, njoo uonje."